Kusimulia hadithi za bahari na ziwa huku Mbeya kama kazi ya pembeni, njooni wanaotaka kuanza na wanaobisha pia

Bintinyasa (mleta uzi)

Wakuu habari za jioni, wakubwa shikamooni.

Juzi kuna dada aliuliza kwenye uzi wa biashara ndogo ndogo kama kusimulia hadithi kunaweza kuingiza hela, watu wakamshukia mpaka akakimbia. Sasa mi nafungua uzi kabisa kwa sababu hiyo ndo shughuli yangu ya pembeni. Siku za kazi nipo dukani Uyole nauza pembejeo, mbegu, mbolea na dawa za viazi, wikiendi nasimulia hadithi, na sio hadithi zozote tu, zangu ni za maji: bahari, ziwa, meli, mitumbwi, majini, samaki wenye akili kuliko mwenyekiti wa mtaa. Ndiyo, Mbeya hii hii yenye baridi ya kupasua midomo, ambako mtoto wa Iyunga anaweza kumaliza la saba hajawahi kuona maji ambayo ng'ambo yake haionekani.

Niseme mapema ninachoamini ili mnaobisha mpate pa kuanzia. Hadithi ya maji haisimami kwa sauti nzuri wala kwa kurukaruka jukwaani, inasimama kwa vitu vya kweli vilivyomo ndani. Tunaita uongo njoo utamu kolea, sawa, ila uongo uwe mmoja tu mkubwa tuliokubaliana, papa anaongea basi, vingine vyote viwe vya kweli. Upepo uwe ule unaovuma kweli msimu huo, mtu akishika kasia alishike kama anajua kazi yake, na chombo kikiingia maji wawepo watu wa kuyafua, yaani kuyachota na kuyatupa nje. Ukivuruga hapo kuna mzee yupo nyuma kabisa kimya na koti lake alishafanya kazi bandari ya Itungi kule ziwa Nyasa, atacheka kidogo tu puani, na hicho kicheko kikifika mstari wa mbele kazi yako imeisha siku hiyo.

Mi nilibahatika, baba yangu mdogo alikuwa kwenye meli za ziwa Nyasa enzi za MV Songea na MV Iringa, likizo nilikuwa napelekwa Kyela na akirudi safari alikuwa anakaa barazani anasimulia mpaka bibi anamwambia we mtoto wa watu ana njaa. Kwake mzigo haukuwa mzigo tu, anakwambia ulikuwa mchele au mihogo mikavu au mbao, nani kaupanga vibaya, chombo kikalalia upande gani, na upepo ulitokea wapi. Mwera anautaja kama jirani mkorofi anayemdai. Kwa wasiojua mwera ni ule upepo wa kusini-mashariki, kuanzia mwezi wa tano mpaka wa nane hivi unapiga ziwa kwa nguvu na wavuvi wa mitumbwi wanakaa nchi kavu kuangalia tu. Ziwa lenyewe sio dimbwi, kina chake kinafika kama mita 700, kuna sehemu mlima wa Livingstone umesimama wima ukingoni na ukitoka nje kidogo tu na mtumbwi huna chini tena.

Kazi zinapatikana wapi. Mahafali ya chekechea, hizi ndo nyingi. Sunday school, maana huku Moravian na KKKT wana watoto wengi na walimu wamechoka kurudia Yona kila mwaka, unaenda unawapa Yona ila na wewe unaweka mabaharia wanaotupa shehena baharini wakilia (ipo kwenye Biblia hiyo sio yangu). Lodge za Matema, ufukweni mwa ziwa Nyasa, wageni wakiwa wengi. Birthday za watoto wa wenye nazo. Nane Nane pale viwanja vya John Mwakangale nilijaribu, sishauri, kila banda lina spika yake, unasimulia dhoruba huku jirani anatangaza dawa ya minyoo ya kuku.

Hela: nilianza kwa kulipwa soda na maandazi, nikakubali, baadaye nikagundua MC wa shughuli hiyo hiyo kapewa laki mbili kwa kusema "tupige makofi". Siku hizi chekechea elfu hamsini mpaka themanini kwa dakika arobaini, birthday laki, lodge tunaelewana na wananipa pa kulala. Nauli nje ya hapo. Kuna shule moja binafsi siitaji, ilinizungusha muhula mzima nikidai elfu arobaini yangu, mhasibu kila nikipiga yuko kwenye kikao. Tangu hapo nusu naipokea mapema, nusu kabla sijashika maiki, na wala sioni aibu, mpiga muziki anafanya hivyo hivyo na hakuna anayemshangaa.

Sasa kazi yenyewe. Nina hadithi moja nimeitunga mwenyewe, ya mama wa Kikisi anayepeleka vyungu mnadani. Wanaojua Matema wanajua, kule Ikombe Wakisi wanafinyanga vyungu, Jumamosi wanavileta kwa mitumbwi mpaka mnada wa Lyulilo. Mama yangu huyu yuko katikati ya maji, mtumbwi umejaa vyungu vimepangwa na majani katikati visigongane, mwera unaanza. Mpiga kasia anamwambia tupa vyungu, mama anasema hivi ni ada ya mtoto.

Hapo ndo nawagawa wasikilizaji. Kushoto ni upepo, wanasugua viganja taratibu. Kulia ni mvua, vidole kwenye mapaja, kwanza kimoja, afu viwili, afu mkono wote. Wa katikati ni mtumbwi, wanakaa wamebanana wanayumba pamoja. Na kuna watoto wawili nawachagua wakorofi kuliko wote, nawapa kila mmoja kopo, nawaambia nyie ndo mnafua maji, mkiacha tumezama wote, haijalishi hadithi imefika wapi nyie mnafua tu. Afu naendelea, naingiza vichekesho makusudi, namleta jini wa ziwani anayetaka kununua chungu kwa mkopo, wale wawili wanacheka wanasahau makopo. Mimi natulia. Naangalia chini miguuni. Nanyanyua gauni kidogo kama mtu aliyelowa. Hawa wa katikati wakigundua wanapiga kelele WEWEEE FUA MAJI, ukumbi mzima unapiga kelele, mpaka walimu. Hakuna mtoto pale aliyeona ziwa na wote wanaogopa kuzama kwenye sakafu ya simenti.

Mwisho wa ile hadithi mama anafua maji kwa chungu kimoja mpaka kinapasuka, anachukua kingine, anafika Lyulilo na vyungu pungufu ila amefika. Sisemi ngapi, kila safari watoto wananiambia wenyewe vimebaki vingapi na wanagombana.

Mwenye swali aulize, mwenye kubisha abishe kwa adabu.

Kamwene_Ipogolo

Kamwene wakuu. Dada mi sina ubaya ila huku Iringa hadithi ya meli utamsimulia nani, sisi hadithi yetu ni Mkwawa na imetosha. Mtoto wa Kihehe ukimwambia omo na tezi anafikiri unamtukana.

Bintinyasa

Kamwene mkuu, unaishi Ipogolo unavuka Ruaha mdogo kila siku afu unaniambia hamna maji 😂. Mkwawa nampenda, lakini angalia anavyosimuliwa kwenye sherehe: Lugalo 1891, Zelewski kamanda wa Wajerumani kauawa, 1898 Mkwawa kajiua asikamatwe, fuvu limerudi 1954 lipo Kalenga, makofi, tunakula. Hiyo ni ratiba sio hadithi. Pale Lugalo tarehe 17 Agosti kuna watu wamelala kwenye nyasi na mikuki wanasubiri safu ya askari ipite, hawaruhusiwi kukohoa, hebu waambie watoto wako wa Iringa walale kifudifudi hapo chini wasikohoe huku wewe unatembea katikati yao kama askari, taratibu, na buti zako. Utaona kama kuna atakayeuliza keki inakatwa saa ngapi. Omo na tezi siwafundishi kwa maneno, namsimamisha mtoto mbele namwambia wewe ni omo, wa nyuma ni tezi, ameshajua.

Mzee wa Ngonga

Binti ndaga fijo kwa uzi, umenikumbusha mbali. Mimi nina neno moja. Nilikusikia Matema (nadhani ni wewe, ulikuwa na khanga ya bluu kichwani) ukisimulia ile ya kima na papa. Sasa papa sisi Kyela tunampata wapi? Ungeweka mamba. Mamba tunamjua, amekula watu wetu kwenye mito, mtoto ukimwambia mamba anaitikia na mwili wote. Papa ni kitu cha watu wa pwani.

fundi_redio

Naunga mkono hoja ya mzee. Localise mambo yenu, ndo maana vijana hawapendi hadithi

Bintinyasa

Shikamoo mzee wangu, ndo mimi, na khanga ni hiyo hiyo. Hapa tutabishana kidogo kwa heshima zote.

Kwa ambao hawaijui: kima anakaa kwenye mkuyu, tawi moja liko nchi kavu lingine limeinamia bahari. Kila siku anamrushia papa kuyu, urafiki umekolea, papa anamwambia twende kwetu nikukaribishe, panda mgongoni. Katikati ya bahari papa anaanza kusema ukweli, sultani wetu mgonjwa na dawa yake ni moyo wa kima. Kima anamwambia ungesema mapema ndugu yangu, sisi kima tukisafiri mioyo tunaiacha mtini, turudi tukauchukue. Wanarudi, kima anapanda juu, kimya. Papa anaita, anaita, baadaye anajibiwa wewe unanifanya mimi punda wa dobi? Na hapo inaanza hadithi ndani ya hadithi, ya punda asiyekuwa na moyo wala masikio.

Sasa ukiweka mamba mzee, kima anapanda mgongoni mwa mamba kwa akili gani? Mtoto wa Kyela anamjua mamba vizuri mno, tangu mwanzo atamwambia kima usipande, na hadithi imekufa kabla haijaondoka ufukweni. Hadithi ile inataka mnyama ambaye msikilizaji hamjui vizuri, ili na yeye apande mgongoni pamoja na kima na akifika katikati ashtuke naye. Kwa mtoto wa Mbeya papa ni jina tu, na hiyo ndo faida yangu. Mi namwelezea kidogo sana, ngozi yake inakwaruza kama msasa, basi. Mkuyu wenyewe wanaujua, upo kila mto huku, kwa hiyo wana mguu mmoja nyumbani.

Na sio kwamba nakataa kubadilisha kila kitu. Nyimbo nabadilisha. Kyela na Tukuyu naweka kiitikio cha Kinyakyusa, Njombe siweki, wananiangalia tu. Ila mnyama wa kubeba hadithi simgusi.

Mzee wa Ngonga

Bado sijakubali. Lakini la msasa ni zuri.

mwl_wa_historia_Rungwe

Dada nafundisha sekondari huko Tukuyu, wanafunzi wa kidato cha tatu na nne wanasema hadithi ni za watoto. Una kitu cha kuwakalisha chini? Muda ni kipindi kimoja tu dakika 40.

Bintinyasa

Mwalimu hiyo ninayo na wala sio hadithi ya kutunga, ni yenu ya historia. Waulize vita ya kwanza ya dunia mapigano yake ya kwanza ya meli yalikuwa wapi, watataja Ulaya. Kuna wanaosema ni hapa hapa Nyasa, Liuli, ambayo Wajerumani walikuwa wanaiita Sphinxhaven kwa sababu ya lile jiwe la pale linalofanana na sanamu ya Sphinx ya Misri.

Isimulie hivi. Kuna manahodha wawili ziwani, Mwingereza anaitwa Rhoades ana meli ya HMS Gwendolen, Mjerumani anaitwa Berndt ana Hermann von Wissmann. Ni marafiki, wakikutana bandarini wanakunywa pamoja, nani mwingine wa kunywa naye ziwa zima lile. Mwanzoni mwa Agosti 1914 huko Ulaya vita inatangazwa. Habari inamfikia Rhoades, kwa Berndt haijafika. Tarehe 13 Agosti Gwendolen inatokea Liuli, na Wissmann imepandishwa nchi kavu inafanyiwa matengenezo, haina habari. Rhoades anafyatua mzinga. Inakosa. Anafyatua tena. Berndt anatoka mbio anaruka kwenye kiboti anapiga makasia kuelekea kwenye meli ya rafiki yake, amefura kwa hasira, inasimuliwa alikuwa anamuuliza kama amelewa. Akifika anaambiwa kuna vita, na wewe ni mateka.

Hapo mwalimu SIMAMA. Usieleze kitu. Waache wanafunzi wenyewe waanze kugombana kama Rhoades alimsaliti rafiki yake au alitimiza kazi, watabishana mpaka kengele, na tarehe 13 Agosti 1914 hakuna atakayeisahau kwenye mtihani. Mi namwigiza Berndt kwenye kiboti nimekaa kwenye kiti nimekigeuza, napiga makasia nikiwa nimewapa mgongo ninakoelekea, maana ukipiga makasia mawili unakaa hivyo, unaenda usikokuona. Hicho kitu kidogo tu kinawachekesha kwanza afu kinawanyamazisha.

Dogo_wa_Mafiati

Si ndo hiyo meli ya Liemba hiyo? ilizamishwa afu ikafufuka

Mtu wa Kasanga

Hapana dogo usichanganye maziwa. Liemba ni ziwa Tanganyika, ya kwetu. Ilitengenezwa Papenburg Ujerumani 1913 kwa jina Graf von Götzen, ikafunguliwa vipande vikaja Dar kwa meli, vikapanda treni mpaka Kigoma ikaunganishwa hapo. Julai 1916 Wajerumani wakaizamisha wenyewe isichukuliwe, ila kwanza injini wakazipaka grisi. Waingereza wakaiibua 1924, 1927 ikaanza kubeba watu na jina Liemba. Bintinyasa kama hiyo huisimulii unakosea sana, meli iliyozikwa na grisi yake utadhani waliozika wanajua atafufuka.

Bintinyasa

Mkuu naisimulia ila sijapanda, naogopa mtu wa Kasanga mmoja atokee nyuma ya ukumbi 😅. Nitakuja kukaa na wazee wenu kwanza.

Njemba ya Kabwe

Mwanamke na habari za meli wapi na wapi, si usimulie za sungura na kupika

mama_wawili

@Njemba ya Kabwe wewe nani alikusimulia hadithi ukiwa mdogo, babu yako? Sisi tulilelewa na Mama na Mwana ya Radio Tanzania, Deborah Mwenda akianza kuongea hata baba anapunguza kelele za kikombe. Kaa kimya.

Ila dada Bintinyasa mi nina malalamiko. Ulikuja kwenye mahafali ya shule ya mwanangu ukasimulia chunusi anayevuta watu miguu majini, mtoto alikataa kuoga kwenye karai wiki nzima, anasema atavutwa. Nilimuogesha amesimama kwenye stuli.

Bintinyasa

Hahaha dada pole sana, lakini huyo hakuwa mimi nakuapia, chunusi simpeleki chekechea kabisa. Kuna kaka mwingine anazunguka na hadithi za majini, ana kipaji ila anapenda kuona watoto wakilia, anadhani ndo kipimo cha kazi. Mtoto wa miaka mitano unampa hofu yenye mlango wa kutokea. Kwenye dhoruba yangu makopo wanayo wenyewe, kuokoka kuko mikononi mwao. Chunusi anavuta tu, mtoto hana la kufanya, anabaki nayo mpaka kwenye karai.

Na hata watu wazima kuna ambayo nachagua pa kuisimulia. Mfano MV Vipya. Ilikuwa meli mpya kabisa, ilizama tarehe 30 Julai 1946 upande wa Malawi, wakati huo Nyasaland, kwenye dhoruba, na Julai ndo mwera wenyewe. Watu 145 walikufa. Hiyo siigizi, hamna kusugua viganja wala mapaja. Nakaa kwenye kiti, naieleza kwa sauti ya kawaida, na nikiwa pande za ziwani nauliza kwanza kama kuna mtu ambaye ndugu yake alikuwemo, maana ziwa hili watu wanaoleana pande zote na familia hazikujua mpaka.

@Njemba ya Kabwe nimekusikia, na za kupika ninazo, kuna ile ya kungu. Umewahi kuona kungu wanavyoinuka ziwani, wale vijidudu mabilioni, mtu wa mbali anajua ni moshi wa meli? Watu wa ziwani wanawakamata wanawakanda wanatengeneza kama mkate wanapika wanakula. Sasa kwenye hadithi yangu kuna nahodha mbishi anaona moshi, anasema ile ni meli yangu iliyopotea, anaifuata siku nzima. Usiku anakuta amefukuza chakula.

Njemba ya Kabwe

Hiyo ya kungu imenimaliza nguvu, endelea 🙌

Msafwa_halisi

Na Ngozi vipi? Ziwa liko juu ya mlima huku kwetu Poroto na hujaligusa. Watu wanapanda kila wikiendi kupiga picha tu.

Bintinyasa

Ngozi nalipenda na linanishinda. Kila anayepandisha wageni ana la kwake, mmoja anasema kuna nyoka, mwingine maji yanabadilika rangi, mwingine hela za Wajerumani zimetupwa humo, na ukishuka Masoko unakuta kule nako wana hela zao za Wajerumani kwenye ziwa lao. Tatizo la Ngozi hakuna chombo. Hakuna anayevuka, hakuna anayevua kwa kazi, unasimama ukingoni msituni unaangalia chini. Hadithi ya kuangalia ni ngumu kuliko ya kusafiri, hata kama nyoka ni mkubwa. Nimejaribu kuweka msichana anayeshuka kuchota maji ya dawa, sehemu ya kushuka inakwenda vizuri, mikono kwenye mizizi, tope, ukungu, akifika chini sijui nimpe nini. Msafwa kama una bibi anayeijua vizuri niunganishe nije na sukari yangu na sabuni nimsikilize, na nitasema nimeipata kwa nani kila nikiisimulia.

kijana_wa_kontenti

Sister wasting time na mahafali, weka TikTok upige hela. Mi nakushutia bure.

Bintinyasa

Niliweka klipu moja ya mama wa vyungu. Ilitembea, comments nzuri, na mwezi uliofuata nikaikuta kwenye ukurasa wa mtu mwingine kaiweka sauti ya kwake neno kwa neno mpaka jini wa mkopo. Hadithi za kale ni za wote, kima na papa hana mwenyewe, ila uliyoitunga ni yako, kwa hiyo ukitunga andika chini na tarehe, na mambo ya haki za kazi yako kaulize COSOTA, ofisi ya hakimiliki, mapema kabla hujaibiwa. Usajili wa msanii ni BASATA, Baraza la Sanaa la Taifa, anzia kwa afisa utamaduni wa halmashauri yako, usianzie kwa mtu wa mtandaoni anayetaka elfu ishirini ya "fomu".

Na klipu haifanyi kitu kile. Mtu yuko peke yake na simu, nani atampigia kelele afue maji? Siku hizi naweka kipande kifupi tu nakata kabla dhoruba haijaanza, watu wakitaka dhoruba wananiita.

Dogo_wa_Mafiati

Mi nataka kuanza ila nina aibu na sauti yangu ndogo, ninunue spika?

Bintinyasa

Usinunue kitu. Anza na watoto wa mtaani kwenu jioni, wasiolipa wala kulazimishwa, wakichoka wanaondoka na unajua hapo hapo umewachosha wapi. Sauti ndogo sio shida, ya kupiga kelele ndo shida, huku baridi na vumbi la kiangazi ukipayuka kwa mfululizo Jumatatu dukani unaongea kwa ishara. Mimi maiki naitumia ukumbi ukizidi darasa mbili na bado umeme ukikatika naendelea bila kushtuka, wengine wanadhani nimepanga. Usikariri maneno, kariri njia: wameondoka wapi, wamebeba nini, upepo umetoka wapi, nani kasema uongo, wamefikaje. Ukikariri maneno mtoto mmoja akiuliza kitu umepotea, na utaulizwa tu, "huyo papa ana mke?" Mwenye njia anajibu ana mke, anaitwa fulani, na anarudi barabarani.

Afu nenda kapande. MV Mbeya II, meli ya ziwa Nyasa, inabeba abiria 200 na mzigo tani 200, kata tiketi ya safari fupi, usikae ndani na simu, simama nje uone kamba zinafungwaje na watu wanakaa wapi upepo ukizidi. Kwa ya bahari, kama huna nauli ya kwenda Kilwa tafuta mtu wa pwani yeyote aliyehamia huku, wapo wengi Mwanjelwa wanauza nazi na dagaa, muulize pepo za kusi na kaskazi, tanga linapandishwaje, kubisha (kwenda na tanga kinyume cha upepo) ni nini, upo wa kufulia maji unafananaje. Mnunulie chai kwanza.

Mzee wa Ngonga

Binti, Jumamosi ya mnada mimi nakuwepo Lyulilo tangu asubuhi. Ile namna yako ya kushika kasia kwenye hadithi ya vyungu inafaa mtu aliyekaa. Wakisi wa pale wanashika tofauti. Njoo uone kwa macho.

Bintinyasa

Ndaga mzee wangu. Nakuja na gari ya asubuhi, nitakutafuta kwenye vyungu. Papa lakini habadiliki.

Mzee wa Ngonga

Tutaona.

mama_wawili

Mkimaliza kugombania papa, mi nina ubarikio wa mdogo wangu mwezi ujao hapa Soweto, watoto watakuwa kama hamsini hivi na watu wazima wao. Bei gani, na kopo nilete mimi au unakuja nayo?

Bintinyasa

Dada makopo ninayo. Njoo inbox tuongee tarehe, ila mwambie MC wenu nikianza muziki unazimwa kabisa, sio kupunguzwa.